Shanga za Mwaka Huu

Kabla Wadachi hawajaja Bagamoyo na bendera yao, hapakuwa na msafara uliovuka mto Kingani kwenda bara bila Bi Chausiku kuulizwa kwanza. Hakuwa liwali, hakuwa na bunduki, wala mto wenyewe hakuwahi kuuvuka. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu wa mtaa wa tatu bila kuinuka alipokaa. Na alichokijua kuliko mtu yeyote mjini kilikuwa ni shanga.

Msidhani shanga ni mambo ya mchezo. Huko bara, Ugogo na kuendelea, nguo ulizobeba ni za kumpa mkubwa wa nchi ili akuruhusu upite. Mtama wa kula leo na kesho unaununua kwa shanga. Na si shanga yoyote tu. Huyu anataka nyeupe, yule anataka nyekundu, na ukimpelekea asiyoitaka atakutazama wewe na wapagazi wako mkifa njaa mbele ya ghala lake lililojaa pomoni, na hatakuwa amekukosea kitu. Wewe ungempa mtu wali wako kwa kitu usichokitaka? Hungempa. Basi na yeye ni mtu.

Kwa hiyo matajiri walipoletewa magunia ya shanga kutoka Unguja, shanga zenyewe bado mbegu tupu hazijatungwa, walizipeleka uani kwa Bi Chausiku. Hapo wanawake tisa, wengine waungwana, wengine wajakazi wa majumba ya watu, walikaa juu ya majamvi wakizitunga katika nyuzi za ukindu. Uzi mmoja uliitwa khete, na kipimo chake ni mkono: ncha ya dole gumba hadi kiwiko, kwenda na kurudi. Bi Chausiku mwenyewe hakutunga. Alikaa juu ya kitanda cha kamba, mswaki mdomoni, akitoa hukumu.

"Bi Chausiku, Ugogo?"

"Samisami."

"Na Tabora?"

"Samisami, na nyeupe kidogo za kuchanganyia."

"Na mbele ya Tabora?"

"Wewe fika Tabora kwanza."

Samisami ni zile ndogo nyekundu. Watu wa misafara walizipa jina la kimalizachakula, kwa sababu ilisemekana mtu wa bara akiziona atakupa chakula chake chote akalale na njaa, mradi azipate. Bi Chausiku alipenda sana jina hilo, akalitamka pole pole kila lilipompitia mdomoni.

Elimu hii yote aliipata kwa marehemu mumewe, Bwanausi, aliyekwenda bara safari saba akarudi saba, kisha akafa kwa homa kitandani kwake, hapa hapa Bagamoyo, jambo ambalo Bi Chausiku alilihesabu kuwa ni utovu wa adabu wa homa. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita. Tangu siku ile elimu yake haikuongezeka hata punje, wala haikupungua. Aliitunza sandukuni na karafuu juu yake, na matajiri waliorudi kutoka bara na shanga zao wakinung'unika waliambiwa kwamba hawana ulimi wa kuuzia.

Mwaka huo zamu ilimfikia mwanawe. Rajabu, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameuza chumvi Saadani na samaki wa ng'onda mpaka Lugoba, lakini bara ya mbali alikuwa hajaiona. Sasa Humoud, tajiri wa Kimanga mwenye ghala karibu na forodha, alimpa msafara wake wa kwanza: wapagazi sitini, na mizigo kumi ya shanga za kuwalishia njiani. Bi Chausiku alisema samisami, na mizigo yote kumi ikawa samisami. Walikuwa waondoke Jumanne ya wiki ya pili.

Jumatatu, siku nane kabla, alikuja uani mwanamke wa Kinyamwezi na mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa mke wa mpagazi, mmoja katika mamia waliopiga kambi nyuma ya mji wakingoja mizigo ya kurudi nayo kwao. Kuni zilikuwa nzuri, kavu. Bi Chausiku akamkatia khete nzima ya samisami, na akajiegemeza kumtazama atakavyofurahi.

Yule mwanamke aliigeuza ile khete, akaitazama huku na huku, akapiga goti, akairudisha kwa mikono miwili.

"Ahsante mama. Kama muhogo upo, nipe muhogo."

Kati ya wale watungaji alikuwamo mmoja aitwaye Dija, ambaye Mungu alimpa vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Dija akasema bila kuinua uso, "Bibi, kimalizachakula kimeshindwa na muhogo."

"Huyo ana njaa," alisema Bi Chausiku. "Mwenye njaa hana macho."

Jumanne walikuja wenzake wawili, wakatwanga mpunga tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nao walizitazama samisami, wakatazamana, wakaomba chumvi.

"Wamefiwa hao," alisema Bi Chausiku walipotoka. "Mfiwa havai nyekundu."

"Nani kasema wamefiwa, bibi?"

"Hukuona walivyotazama chini?"

"Walikuwa wanatwanga," alisema Dija.

Jumatano alikuja Rajabu mwenyewe. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mpole kupita kiasi, na mkononi alikuwa na kofia yake akiizungusha, dalili kwamba ana neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, jana nilikaa na Kibwana, yule kirangozi, muongoza misafara, aliyerudi juzi kutoka Ugogo."

"Namjua. Namjua na mamaye, hajui kupika maharage."

"Mama, habari si ya maharage. Anasema siku hizi Wagogo wanataka samawati. Samisami wanakuachia mkononi."

Mikono yote tisa ya kulia ilisimama juu ya nyuzi. Bi Chausiku akautoa mswaki mdomoni, na aliyemjua alijua kwamba hapo ndipo hukumu inapotoka.

"Baba yako alikwenda bara safari ngapi?"

"Saba."

"Alirudi ngapi?"

"Saba."

"Safari ya saba alichukua shanga gani?"

"Samisami."

"Basi."

Rajabu aliizungusha kofia mara mbili zaidi, akaivaa. "Basi, mama. Ukisema samisami ni samisami. Siwezi kuanza safari ya kwanza na kinyongo cha mama yangu mgongoni. Njaa ina dawa, kukosa radhi hakuna." Akambusu mkono, akatoka.

Bi Chausiku alipaswa kufurahi. Mama gani asiyefurahi kwa mtoto wa namna hiyo? Na kweli alifurahi, kwa muda wa kutosha kuurudisha mswaki mdomoni. Kisha akamwona anavyopita mlangoni, shingo ile ile nyembamba ya utotoni, na kitu kikamchoma. Laiti angebisha. Laiti angemwambia mama wewe umezeeka, hujui. Angemfukuza kwa upawa na mambo yangekwisha. Huyu hakubisha. Huyu akifa njaa Ugogo atakufa kwa adabu.

Aliogopa. Lakini mtu kuogopa ni kitu kimoja na kukubali ni kingine, na Bi Chausiku alikuwa na nafasi ya kutosha moyoni kuviweka vyote viwili bila kugusana.

Alhamisi mbuzi akaja.

Msafara mkubwa uliingia kutoka bara, na kama kawaida mji mzima ulitoka kuupokea: ngoma, baragumu, bunduki zikilia hovyo, wapagazi na pembe za ndovu begani wakitembea kwa maringo kana kwamba hawakuwa wakilia jana yake kwa vidonda vya miguu. Bi Chausiku alisimama mlangoni na wanawake wake. Wakapita wenye pembe, wakapita wenye mizigo midogo, na nyuma yao likapita kundi la mbuzi, likiongozwa na beberu mmoja mwenye ndevu na harufu yake. Shingoni, beberu yule alikuwa amevaa khete tatu za samisami.

Dija alishika mdomo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, mabega yakaanza kumtetemeka.

"Mbuzi wa mtu tajiri," alisema Bi Chausiku, akaingia ndani.

Alikaa juu ya kitanda chake akautazama ukuta. Muhogo, alikuwa na jibu. Chumvi, alikuwa na jibu. Kwa mbuzi alijaribu majibu manne, na kila moja lilipokaribia kusimama, yule beberu alipita tena mbele yake na kulipiga pembe. Baada ya sala ya alasiri aliinuka, akachukua kikapu, akatia ndani yake mafungu ya shanga za kila rangi zilizokuwamo nyumbani, akajitanda kaniki kuukuu ya mjakazi mpaka puani ili asijulikane, akashika njia ya kambini. Watu saba walimwamkia njiani, "Shikamoo, Bi Chausiku." Mwendo ule haukuwa na wa pili Bagamoyo.

Sasa lazima niwaambie kwa nini mtu aliyeishi miaka sitini hatua mia nne kutoka kambi ile hakuwahi kuikanyaga. Sababu ilikuwa moja, na ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya ishirini. Bwanausi, kila alipokaribia safari, alikuwa akitoka na kikapu kwenda huko. Mkewe alipomuuliza, alimjibu bila hata kupepesa macho, "Nakwenda kuwauliza wanawake shanga."

Nyinyi wa mwambao hamhitaji kuambiwa. Mwanamke wa kwetu shanga zake ziko kiunoni, ndani ya nguo, na anayezijua rangi na idadi ni mumewe peke yake. Mwanamume anayetoka kwake ameoga, ana kikapu, anakwenda kuwauliza wake za watu mambo ya shanga, anatafuta nini? Bi Chausiku hakutaka kuelezwa mara mbili. Alikinyakua kikapu akakitupa kisimani, shanga na yote, na kwa miezi mitatu Bwanausi alikula wali bila mchuzi. Tangu hapo akawa anaaga kwamba anakwenda msikitini. Bi Chausiku, kwa kuwa nyumba inataka amani, aliuamini msikiti. Lakini kambi ile aliichukia, na hata baada ya Bwanausi kuzikwa, akisikia mwanamke wa Kinyamwezi anacheka njiani, alikuwa akijiuliza kama ndiye.

Kambini palikuwa na vibanda vya makuti, moshi, na watoto wengi kuliko vibanda. Mbele ya kibanda kimoja alikaa bibi kizee mwenye kiko mdomoni, anamenya karanga. Aliitwa Kalunde, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, maana alikuwa ameishuka na kuipanda njia ile pamoja na mumewe mpagazi tangu ujana wao. Bi Chausiku alimsalimu, akaketishwa juu ya ngozi ya ng'ombe.

"Nimetumwa," alisema ndani ya kaniki. "Kuna bibi mmoja mjini, mtu mzima, ana kichwa kigumu kidogo. Anataka kujua bara siku hizi wanapenda shanga zipi."

"Kigumu kiasi gani?"

"Kiasi tu."

Kalunde akakitazama kikapu. Akakitoa kiko mdomoni, akaanza kucheka, akapaliwa, akapigwa mgongo na jirani, akacheka tena. "Njooni," aliwaita wenzake. "Njooni, kikapu kimerudi."

Wakaja wanawake wawili watatu wa rika lake, nao walipokiona wakacheka.

"Kikapu gani?" aliuliza Bi Chausiku.

"Zamani alikuwapo bwana mmoja," alisema Kalunde. "Meno ya mbele yana mwanya. Kila mwaka anakuja na kikapu kama hiki, anamwaga rangi zote hapo ulipokaa, anasema, chagueni. Ukichagua anakuuliza kwa nini. Ukimwambia kwa nini, anauliza, na dada yako aliyebaki kwenu atapenda? Na mama mkwe wako? Anatuchosha mpaka tunamkimbia. Mwaka mmoja nilimwambia, bwana, si nilikujibu mwaka jana, umesahau? Akaniambia, ya mwaka jana nimeyasahau makusudi, nipe ya mwaka huu."

Kaniki ilikuwa imeanguka mabegani. Bi Chausiku hakuipandisha tena.

"Na huyo bwana," alisema, na sauti yake ya mitaa mitatu haikufika hata kibanda cha pili, "alikuwa na mtu wake hapa? Mwanamke?"

"Tulimtania hivyo hivyo. Akasema, ana mke mjini, akijua yuko hapa atamtupa kisimani kama alivyokitupa kikapu. Kisa cha kisima tulikisikia kila mwaka. Anakisimulia huku anacheka mpaka anafuta macho." Kalunde alimenya karanga moja, akaila. "Alimpenda sana huyo mke. Alisema kichwa chake ni sanduku la Bara Hindi, ukitia kitu hakitoki."

Bi Chausiku alifikiri kidogo kama hiyo ni sifa. Siku ile hakuwa na hakika.

Alilia, lakini si sana, maana kulikuwa na wageni, ingawa mgeni alikuwa yeye. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa ameionea wivu ngozi ya ng'ombe. Na mtu wake alikuwa amemwambia kweli tupu, mlangoni, mchana kweupe, akalishwa wali mkavu kwa ajili yake.

Kisha akajifuta kwa ncha ya kaniki, akamwaga shanga zote juu ya ngozi. "Chagueni," alisema.

Mikono yote ikaenda kwenye samawati. Kalunde aliziokota samisami kwa vidole viwili. "Hizi alikuwa nazo bibi yangu. Siku hizi tunamvisha beberu wa mbele, aonekane majanini."

"Kwa nini?" aliuliza Bi Chausiku.

Lilikuwa swali lake la kwanza la shanga kwa miaka kumi na miwili, na kumbe maswali ni kama karanga, moja halitoshi. Kwa nini samawati? Iliyokoza au iliyopauka? Ndogo au kubwa? Na Wagogo wa huku na Wagogo wa kule, mamoja? Na akina mama wakwe? Jua liliinama, Kalunde akachoka, akaweka kiko chini.

"Mama, wewe ni nani wake yule bwana?"

"Mkewe."

Kalunde akamtazama, akakitazama kikapu. "Basi yule bibi wa mjini mwenye kichwa kigumu ni wewe."

"Kiasi tu," alisema Bi Chausiku.

Kujua ni rahisi. Kazi ilikuja asubuhi, uani, mbele ya wanawake tisa na Rajabu aliyeitwa tangu alfajiri. Bi Chausiku alisimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya wakati wa kazi, na mswaki hakuwa nao.

"Samisami zimebadilika," alisema.

Dija akaziinua akazitazama. "Mbona ni zile zile, bibi?"

"Wagogo wamebadilika."

"Lini?"

"Zamani kidogo."

"Na sisi bibi, tulikuwa tunafanya nini?"

Hapo angeweza kumtupia kibao cha kukunia nazi, na kilikuwa karibu. Lakini alimwona Rajabu anavyoizungusha kofia, na shingo ile, na ile safari ndefu yenye maghala yaliyojaa na watu wasiotaka chochote mlicho nacho. "Mimi nilikosea," alisema. "Nilikuwa najua ya mwaka aliokufa Bwanausi. Ya mwaka huu sikujua, na aliyetaka kuniambia nilimfunga mdomo. Rajabu, Kibwana kasema kweli. Mama yako hakusema kweli."

Dija alikuwa amelingoja neno lile miaka sita. Alilikuta halina utamu aliouwazia. Akainuka, akamletea bibi maji ya kunywa, akamshikia kata mpaka akamaliza.

Ilibaki kazi ya Humoud. Tajiri yule alikuwa na magunia ya samawati ghalani yaliyokaa mwaka wa tatu sasa, panya wanazalia juu yake, kwa kuwa Bi Chausiku alikuwa ameuambia mji kwamba hiyo ni rangi ya jicho lililopigwa ngumi. Humoud alikubali kubadilisha mara moja, mzigo kwa mzigo, lakini kwa sharti moja: bibi aje barazani kwake baada ya sala ya Ijumaa, aseme mwenyewe mbele ya matajiri wenziwe.

"Niseme nini?"

"Ulichosema nyumbani kwako. Mimi nimekisikia tangu asubuhi. Dija kapita hapa."

Akaenda, akasema. Na hapa ndipo alipojua jambo ambalo hakuna aliyemwambia: mara ya pili neno lile halikwami kooni. Mara ya tatu, aliposimamishwa sokoni na muuza samaki, lilimtoka lenyewe. Kufikia Jumapili alikuwa akiwasimamisha watu njiani ambao hawakumuuliza kitu, akawaeleza alivyokosea, kwa marefu na mapana, na watu wakaanza kupitia vichochoroni kumkwepa. Maana Bi Chausiku alibadilika shanga tu, sikusema alibadilika mdomo.

Walitunga siku tatu. Kalunde alikuja na wanawake wanane, na ujira wao walitaka samawati, jambo lililomfanya Rajabu acheke kwa mara ya kwanza wiki ile. Jumanne asubuhi mizigo kumi ilikuwa imefungwa mikekani, wapagazi wamejipanga njiani, ngoma inalia. Rajabu akaingia uani kuaga.

"Kwa hiyo samawati, mama."

"Samawati, mpaka utakapoambiwa vingine. Sikiliza." Akampa kikapu kipya cha ukindu, na ndani yake mafungu ya rangi zote. "Kila kambi, kabla hujafungua mzigo, mwaga hizi chini. Waite wanawake, uwaulize shanga. Usimwamini aliyekujibu jana, na mimi usiniamini."

Karibu na mlango alikuwa amesimama Miza, mke wa Rajabu, bibi harusi wa miezi mitatu, hina bado haijamtoka kuchani. Alikuwa akikunja kanzu ya safari ya mumewe. Mikono ikasimama.

"Awaulize wanawake nini, mama?"

"Shanga."

"Mume wangu?"

"Ndiyo."

Miza akakitazama kile kikapu mkononi mwa mumewe, kisha, taratibu, akageuza uso akakitazama kisima.

Bi Chausiku alimwahi. Akamshika mkono, akamkalisha juu ya kitanda cha kamba, pale pale pake pa hukumu. "Mkamwanangu," alisema, "kisima hicho kina kikapu kimoja tayari. Kinatosha. Kaa nikwambie." Na alipomaliza kumwambia, Miza alikuwa anacheka, Rajabu amejiziba uso kwa kofia, na kirangozi nje anapiga kelele kwamba jua halingoji mtu.

Msafara ulipokwisha kupita, Bi Chausiku hakurudi uani. Alikwenda makaburini, akaketi kando ya Bwanausi, akang'oa majani mawili matatu, akamsomea Fatiha. Kisha akarudia kung'oa majani, kwa sababu mtu uliyemnyima mchuzi bila kosa huanzi naye tu hivi hivi.

"Nimewaona wanawake wako," alisema mwishowe. "Wamezeeka. Wanakusalimu." Akasawazisha mchanga kwa kiganja. "Nilikukosea, mume wangu. Nisamehe. Lakini na wewe ungenichukua siku moja nikaone."

Alifikiri. Akakumbuka kwamba Bwanausi alimwambia twende, siku ile ile ya kisima, na jibu ambalo yeye alimpa. Akaliacha hilo lipite.

"Siku hizi wanataka samawati," akamwambia. "Iliyopauka, si iliyokoza. Nilijua ungependa kujua."

Upande wa bara ngoma ilikuwa inalia tena, msafara mwingine unaingia, na bila shaka ulikuwa na wanawake ndani yake. Bi Chausiku akainuka, akajikung'uta mchanga, akaenda kuuliza.